Pateni ya Kidijitali ni Nini?

Pateni ya kidijitali ni mchoro wa vipande vya nguo uliochorwa kwa kompyuta kwa vipimo halisi na kuhifadhiwa katika faili, ambalo mnunuzi hulipakua, akalichapa nyumbani au saiba, akakata vipande vyake vya karatasi na kuvilaza juu ya kitambaa kabla ya kutia mkasi. Kinachouzwa si nguo, bali ni vipimo, alama na maelezo ya kushona, na ndiyo sababu faili moja huweza kuuzwa kwa watu wengi.

Wazo lenyewe si geni. Fundi cherehani wa Lamu aliyedumu na kazi huwa na vipande vya kadibodi vya kola na mikono ya kanzu, kwa saizi anazoulizwa sana, ili asianze kupima upya kila mteja anapoingia. Huko Marekani, Ebenezer Butterick alianza mwaka 1863 kuwauzia washonaji wa nyumbani pateni za karatasi zenye saizi mbalimbali. Tofauti ni kwamba kadibodi ya fundi humtumikia yeye mwenyewe, naye haandiki juu yake mambo anayoyajua kwa mazoea, ilhali pateni ya kuuza haina budi kumweleza mtu asiyemjua kila kitu: uelekeo wa uzi wa kitambaa, mahali pa kukunja, nafasi iliyoachwa ya mshono, na alama zinazopaswa kukutana vipande viwili vinapounganishwa.

Tuchukue mfano wa kofia isiyo na nakshi, yenye duara la juu na ukanda wa pembeni, kwa kichwa chenye mzingo wa sentimita 58. Ukigawanya 58 kwa 6.28, yaani pai (3.14) mara mbili, unapata takriban sentimita 9.2, yaani umbali kutoka katikati ya duara hadi mstari wa kushonea. Ukiongeza sentimita 1 ya mshono, ukingo wa kukatia unafika 10.2. Hapa ndipo wanaoanza hukosea, kwa kuwa ukingo huo wa nje una urefu wa takriban sentimita 64, na anayeupima huo hutengeneza ukanda mrefu kupita kiasi. Vipande viwili hulinganishwa kwenye mstari wa kushonea, wala si kwenye mstari wa kukatia, na sheria hiyo hiyo inatawala bega la kanzu na kwapa la dera.

Karatasi nayo ina masharti yake. Ukurasa wa A4 una sentimita 21 kwa 29.7, na printa nyingi haziwezi kuchapa hadi ukingoni kabisa, kwa hiyo hata duara letu la upana wa sentimita 20.4 huenda likakatika pembeni. Nusu ya ukanda, pamoja na mshono wa upande mmoja, ina sentimita 30 kamili, nayo haitoshei. Mchoro mkubwa kwa hiyo hugawanywa katika kurasa zenye namba na alama za kuunganishia, ambazo mnunuzi huzibandika kwa gundi. Kwenye ukurasa wa kwanza huwekwa mraba wa sentimita 10 wa kupimia kwa rula: iwapo printa imepunguza mchoro hadi asilimia 95 ili utoshee, mraba utasoma 9.5, na kofia ya 58 itatoka na mzingo wa karibu 55. Mnunuzi atamlaumu mchoraji, ingawa kosa ni la mpangilio wa printa. Mraba huo mdogo huokoa ugomvi mwingi.

Kuhusu programu, inayofaa ni ile inayohifadhi mistari kwa hesabu, si kwa nukta za rangi kama picha ya simu, ili mchoro ukikuzwa usipoteze ukali wake. Inkscape ni ya bure. Adobe Illustrator hulipiwa. Valentina, ambayo pia ni ya bure, imetengenezwa kwa ajili ya pateni hasa, na humruhusu mchoraji kuandika kanuni kama ile ya kugawanya kwa 6.28, kisha kipimo kikibadilishwa kipande hujichora upya. Zipo pia zinazouvisha nguo mwili wa bandia kwenye skrini, lakini mimi simshauri anayeanza kuzikimbilia. Kwa maoni yangu, fundi anayejua kukata aanze na Inkscape, ajifunze kuweka vipimo kwa milimita, kuchora mistari iliyopinda, kupima urefu wa mistari hiyo, na kutenga kila saizi katika tabaka lake, yaani safu ya mchoro inayoweza kufichwa au kuonyeshwa peke yake. Programu hizi huhitaji kompyuta, simu pekee haitoshi. Asiyejua kukata, kwa upande wake, atafundishwa na programu kuchora nadhifu tu.

Kabla ya kuuza, wape washonaji wachache faili wajaribu kushona nguo hiyo bila kukuuliza lolote, kisha urekebishe kila mahali walipokwama; anayekaa nawe baraza moja na kukuuliza kila hatua hafai kwa jaribio hili. Kwa wateja wa hapa Kenya malipo ya M-Pesa na faili kutumwa kwa barua pepe yanatosha kwa kuanzia. Kwa mteja aliye mbali, tovuti inayotoa faili yenyewe mara malipo yanapothibitishwa ni bora zaidi. Na kwa kuwa faili likishapakuliwa halirudishwi kama nguo isiyomtosha mtu, jedwali la saizi, kiasi cha kitambaa na idadi ya kurasa za kuchapa ni lazima vionekane kabla ya mnunuzi kulipa.