Volti, mkondo na wati ndani ya amplifaya ya gitaa ya valvu

Hesabu nyingi za amplifaya ya valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti ya gitaa) zinatokana na kanuni mbili za darasani: volti ni mkondo mara ukinzani, na wati ni volti mara mkondo. Kanuni hazisumbui. Kinachosumbua ni kujua unazungumzia volti zipi, maana ndani ya sanduku moja kuna volti 1.5, volti 6.3 na volti zaidi ya 400.

Tuchukue Fender Deluxe Reverb, amplifaya ya Kimarekani iliyotoka mwaka 1963. Ina valvu ndogo sita, valvu mbili za 6V6 zinazosukuma spika, na moja ya kugeuza umeme wa AC kuwa DC. Kabla ya kugusa chochote: kapasita zake zinaweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomoa plagi. Zimalize chaji kwanza, na hakikisha kwa mita.

Valvu ndogo ya kwanza, 12AX7, inapata umeme kwenye pleti (sehemu inayopokea elektroni) kupitia rezista, kipande cha kuzuia mkondo, ya omu 100,000. Kathodi yake (sehemu inayotoa elektroni) imeungwa na chasisi kupitia rezista ya omu 1,500. Tuseme mita inasoma volti 1.5 kwenye kathodi. Gawa kwa 1,500, unapata miliampia 1. Mkondo huohuo unapita kwenye ile rezista ya 100,000, kwa hiyo unaangusha volti 100 pale. Kama umeme unaoingia ni volti 270, pleti inatakiwa isome karibu 170. Ukikuta 270 kamili, valvu haipitishi kitu. Hukukata waya hata mmoja, na mkondo umeshaujua. Mafundi wazoefu karibu kila mara hupima volti kwenye rezista inayojulikana, kisha hugawa.

Valvu kubwa ndizo zenye hesabu yenye gharama, kwa sababu hapo kuna baisi: mkondo unaopita kwenye valvu wakati gitaa limenyamaza. Ukiwa mdogo mno, sauti inakwaruza. Ukiwa mkubwa mno, pleti inawaka nyekundu na valvu inakufa mapema. Mafundi wengi hufunga rezista ya omu 1 kati ya kathodi na chasisi, na hapo kila milivolti 1 ni miliampia 1. Tuseme umesoma milivolti 22, na pleti ina volti 415. 415 mara 0.022 ni wati 9.1, zinazogeuka joto tupu. (Kwa kweli pungufu kidogo, kwa kuwa mkondo wa kathodi unajumlisha na ule wa skrini, sehemu nyingine ndani ya valvu.) Jedwali za zamani zinaipa 6V6GT kikomo cha wati 12, za baadaye 14. Desturi ni kukaa karibu asilimia 70 ya kikomo, na 70 ya 14 ni 9.8. Uko salama.

Upande wa spika, funga mzigo wa omu 8 (rezista kubwa badala ya spika) na upime volti za AC kabla sauti haijaanza kukwaruza. Ukipata 13.3, zidisha kwa yenyewe, gawa kwa 8: wati 22. Valvu zenyewe zinaona mzigo wa omu 6,600, na wati 22 zilezile huko ni volti 381 na miliampia 58 tu. Transfoma ya kutolea sauti inazigeuza kuwa volti 13.3 na ampia 1.66. Ndiyo maana ina uwiano wa mizunguko wa karibu 29 kwa 1.

Hita, yaani nyuzi zinazopasha moto kathodi, nazo zinakula umeme. Valvu ndogo sita kwa ampia 0.3, na 6V6 mbili kwa 0.45, jumla ampia 2.7. Mara 6.3 ni wati 17, kabla hujapiga hata noti moja.

Jambo la mwisho ni soketi ya ukutani. Amplifaya yenye transfoma ya volti 220 ikichomekwa Nairobi, ambako umeme ni 240, kila kitu kinapanda kwa asilimia 9: hita zinafika 6.87, na pleti ya 420 inakaribia 458. Baisi iliyopangwa kwingine haifai tena hapo. Ipimwe upya kwenye soketi itakayotumika.