Hofu ya mtihani: mbona aliyesoma anasahau?

Binti yangu yuko kidato cha nne. Nyumbani anajibu vizuri, lakini kwenye mtihani kila kitu kinapotea. Ni uvivu?

Hapana, na tafadhali usimwambie hivyo. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, amigdala, inayotambua hatari. Ikishtuka, moyo unaenda mbio na viganja vinatoa jasho. Wakati huohuo, sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayoshikilia swali huku mtu akitafuta jibu, na nafasi yake ni finyu. “Nikifeli baba atanionaje?” ikishaingia humo, hesabu inakosa pa kukaa. Alichosoma bado anacho. Hofu tu ndiyo imemzuia kukifikia.

Sasa nimsaidieje? Kila siku namwambia asiwe na wasiwasi.

Maneno hayo hayamsaidii, hata yakitoka moyoni. Tiba ya fikra na tabia, iliyoasisiwa na daktari Aaron Beck wa Marekani miaka ya 1960, humfundisha mtu kulihoji wazo lake. Mpe karatasi aandike: “Nitafeli fizikia.” Kisha muulize, ushahidi uko wapi? Pengine maswali ya umeme anayapata, ila kwenye mawimbi ndiko anakokwama. Basi aandike upya: “Mawimbi yananisumbua, kesho naanza na hayo.” Hajajidanganya kwamba atapata A. Amesema kweli, na amepata pa kuanzia.

Baada ya hapo, afanye mitihani ya nyuma mezani, daftari limefungwa, saa inahesabu. Kinachoogopwa kikikwepwa, hofu huzidi, kikizoeleka, hupungua. Na kuna faida nyingine: utafiti wa Roediger na Karpicke wa 2006 ulionyesha kwamba waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walikumbuka zaidi wiki moja baadaye kuliko waliorudia kusoma tu.

Kukesha je?

Asikeshe. Usingizi ndio unaoimarisha alichosoma. Kijana wa umri wake anahitaji saa 8 hadi 10.

Na asubuhi ya mtihani?

Aandike yanayomtia hofu kwa dakika 10, bila kujisahihisha. Mwaka 2011 watafiti wa Chicago walikuta kwamba wanafunzi wenye hofu kubwa walioandika hivyo kabla ya mtihani walifanya vizuri kuliko wenzao wenye hofu kama hiyo wasioandika.

Nimpeleke hospitali lini?

Akikosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki kadhaa, au akikataa shule. Akizungumzia kujidhuru, mpeleke siku hiyohiyo, na usimwache peke yake.