Hostingi ya "bila kikomo" ina vikomo vyake

Jamani hapa Tanga watu wa biashara, kuanzia magesti ya Raskazone mpaka maduka ya Ngamiani, bado wanaambiana ukinunua hostingi, yaani nafasi ya kuweka tovuti yako kwenye seva ya kampuni, iliyoandikwa "bila kikomo" basi umemaliza, weka picha unavyotaka, waje watu elfu ngapi sijui, haizidiwi. Sio kweli. Seva ni mashine yenye diski, ramu na prosesa zinazohesabika, na kwenye vifurushi vya bei chee mnabanana humo tovuti kibao, kwahiyo kampuni lazima ibane mahali. Wanatangaza diski haina mwisho ila shuka kwenye masharti utakuta idadi ya faili ina mwisho, ramu na prosesa unapewa kipande tu. Na faili zinajaa kimyakimya aisee, picha moja ya chumba ukiipandisha kwenye WordPress, ile programu ya kutengenezea tovuti, inakatwa saizi kadhaa na kila saizi ni faili lake.

Halafu ile ahadi ya kampuni kwamba tovuti itakuwa hewani asilimia 99.9 ya muda, watu wanaisoma kama haizimi kabisa. Piga hesabu, mwezi wa siku 30 una dakika 43,200, kwahiyo ikizima dakika 43 bado wako ndani ya ahadi, kwa mwaka karibu saa 9. Wakizidisha, fidia mara nyingi ni punguzo la bili tu, sio hela ya mgeni aliyeshindwa kubuki.

Mi nashauri lipia mwezi mmoja kwanza, uliza kikomo cha faili wakuandikie, ifungue tovuti usiku na mchana kwa simu ya kawaida, ndio ulipie mwaka.