Piano si polepole

Juzi alikuja mwanafunzi wangu wa piano wa saa kumi jioni, binti wa darasa la saba, akafungua ukurasa, akapiga mistari miwili ya mwanzo vizuri kabisa. Alipofika kwenye ile p ndogo iliyoinama chini ya nota, mwendo ukamwishia kama gari ya shamba iliyojaa mizigo inayopanda mlima. Nikamsimamisha. "Mbona umepunguza mwendo?" Akanitazama kama mimi ndiye niliyekosea. "Maalim, si pameandikwa piano? Piano si polepole?"

Mwezi huu peke yake, huyo ni wa nne. Wazazi nao huniambia hayo hayo mlangoni wanapokuja kuchukua watoto: "Mwanangu kaniambia leo kajifunza kupiga piano, yaani polepole." Nacheka, nasahihisha, na wiki ijayo anakuja mwengine. Basi nayaandika hapa mara moja. Atakayerudi na neno hilo nitampa asome kabla hajakaa kitini.

Dhana: "Piano" ni kupiga polepole, "forte" ni kupiga haraka

Ukweli: piano (p) ni sauti ndogo, forte (f) ni sauti kubwa. Herufi hizo hazigusi mwendo hata chembe. Kama wimbo unakwenda mapigo 100 kwa dakika, ukifika kwenye p unaendelea na mapigo 100 kwa dakika, na kwenye f ni yale yale 100. Kinachobadilika ni nguvu ya sauti.

Sisemi kwamba kosa hili ni la ujinga. Linatoka kinywani mwetu. Neno polepole tunalibebesha kazi mbili. "Nenda polepole, njia inateleza": hapo ni mwendo. "Sema polepole, mtoto kalala": hapo ni sauti, na hakuna anayekwambia uyavute maneno. Mwalimu akisema "hapa piga polepole", mtoto achague ipi? Huchagua mwendo, kwa sababu ndio rahisi zaidi kwa vidole. Kwa hiyo mimi darasani neno polepole nimelipiga marufuku. Nasema "sauti ndogo" au nasema "punguza mwendo". Mwanafunzi akinijibu kwa polepole, namwuliza: ipi kati ya mbili?

Kuna kijana wangu mmoja, kwao Kiwengwa, kakake anafanya kazi hoteli inayopokea Wataliano. Siku moja alinibana mbele ya wenzake: "Maalim, Wataliano wenyewe wakitaka dereva apunguze mwendo husema piano, piano. Wewe unasemaje si mwendo?" Darasa zima likageuka kunitazama. Na kijana amesema kweli! Kitaliano cha barabarani kina piano inayofanana sana na polepole yetu. Ni mwendo na ni sauti, yote mawili. Lakini ukurasa wa muziki si barabara ya Kiwengwa. Wanamuziki walilichukua neno hilo wakalifunga kwenye sauti tu, na mwendo wakaupa maneno yake, kuanzia wa taratibu sana mpaka wa haraka sana: largo, lento, adagio, andante, allegro, presto. Mtunzi akitaka upunguze mwendo, ataandika ritardando au rallentando, au atabadilisha neno la mwendo juu ya mistari. Asipoandika, usimsaidie.

Ushahidi mkubwa umo kwenye jina la chombo chenyewe. Kabla ya piano, vyombo vikubwa vya vibao vyenye nyuzi huko Ulaya vilikuwa vya kudonoa nyuzi. Ubonyeze kibao kwa hasira au kwa upole, sauti hutoka karibu ile ile. Bartolomeo Cristofori, aliyekuwa akitunza vyombo vya muziki vya ukoo wa Medici mjini Florence, akaunda chombo chenye nyundo badala ya kidonoo. Orodha ya vyombo ya mwaka 1700 inakitaja kwa sifa yake kubwa: kinaweza kutoa piano na forte. Hapo ndipo lilipotoka jina pianoforte, nasi tukalikata tukabakisha nusu. Sasa fikiri. Kupiga kwa mwendo mdogo kuliwezekana kwenye chombo chochote tangu dunia kuumbwa, hata kwenye ngoma. Kama piano ingekuwa ni mwendo mdogo, Cristofori angekuwa amevumbua nini?

Nyundo hizo ndizo zinazowachanganya vidole pia. Kibao cha piano hushuka kama sentimita moja. Ukikishusha kwa kasi, nyundo huruka kwa kasi na sauti huwa kubwa. Ukikishusha taratibu, nyundo hufika kwenye uzi kwa upole na sauti huwa ndogo. Ukikishusha taratibu mno, nyundo haifiki kabisa na sauti hakuna. Kwa hiyo upole upo kweli, lakini umo ndani ya ile sentimita moja, kwenye safari ya kidole kushuka. Haumo kwenye nafasi baina ya nota na nota. Mtoto akihisi kidole kinashuka taratibu, na mkono mzima humfuata. Kutenganisha mambo hayo mawili ni kazi ya miezi, na ndiyo kazi ninayolipwa kuifundisha.

Kuna na sababu ya tatu, na hii inanikera kuliko zote kwa sababu imelipiwa pesa. Mzazi anakwenda dukani, ananunua kinanda cha umeme cha vibao 61, taa nyingi, midundo mia, bei nafuu. Vingi vya bei hiyo havisikii mkono: ubonyeze kwa nguvu, ubonyeze kwa upole, sauti ni moja, na ukitaka ndogo uzungushe kitufe. Mtoto anafanya mazoezi nyumbani wiki nzima juu ya chombo kisichojua piano wala forte, kisha anakutana na p. Afanyeje? Kitu pekee anachoweza kukibadilisha kwa vidole vyake ni mwendo. Akabadilisha mwendo. Kabla ya kulipa, bonyeza kibao kimoja kwa upole, kisha kwa nguvu. Ukisikia tofauti, nunua. Usiposikia, mwache muuzaji aendelee kukuonyesha midundo yake.

Dawa yangu, na wanafunzi wangu wanaijua mpaka wanaichukia: weka metronomu, chombo kinachogonga mapigo sawasawa, kwenye mapigo 60, yaani pigo moja kila sekunde, simu yako inayo programu za bure. Piga nota tano, C mpaka G, mara nne kwa sauti kubwa, kisha mara nne kwa sauti ndogo kiasi cha kutomwamsha mtu chumba cha pili. Ukiachwa na metronomu au ukiipita, rudia. Wengi huachwa kwenye p na huipita kwenye f, maana dhana hii ina pacha wake: mtoto akiona forte anakimbia.

Asiye na metronomu aende akasikilize taarabu, amtazame mpiga dumbaki. Muimbaji anapoanza ubeti, fidla na kordiani hujishusha ili maneno yasikike, na dumbaki naye hupunguza mkono. Je, mdundo unapungua mwendo? Ungepungua, wale wanaokwenda kutunza wangejikwaa njiani. Sauti imeshuka, mwendo uko pale pale. Hiyo ndiyo piano, na umeisikia tangu utotoni kwenye harusi.

Ili nisidaiwe: yapo maneno machache yanayogusa vyote viwili. Morendo, yaani kama kitu kinachokata roho, na calando. Hapo sauti hufifia na mara nyingi mwendo nao hulegea. Lakini kuwapo kwake kunanipa nguvu zaidi. Mtunzi aliyetaka yote mawili alikuwa na neno la kuandika. Kaandika p, anataka p.

Na crescendo, kwa kuwa niko hapa hapa, si kilele. Ni kule sauti kukua kidogo kidogo. Ukiona crescendo imeandikwa, hapo ndipo unapotakiwa uwe bado na sauti ndogo, upate pa kwendea. Wengi wanalipuka kwenye herufi ya kwanza ya neno.

Dhana: "Sauti ya juu" ni sauti kubwa

Huyu ni binamu wa polepole. Tunasema redio iko juu, tukimaanisha inapiga kelele. Nikimwambia mwanafunzi "sasa panda juu", anakandamiza vibao vile vile kwa nguvu zaidi. Kwenye muziki, juu na chini ni wembamba na unene wa sauti, na hayo hutokana na idadi ya mitetemo kwa sekunde. A iliyo juu ya C ya katikati hutetema mara 440. A inayofuata kuliani, mara 880. Ile ya mwisho kabisa kushotoni kwenye piano ya vibao 88, mara 27.5. Unaweza kupiga sauti nyembamba kwa nguvu, na nene kwa upole. Kiswahili chetu kina maneno mazuri kabisa hapa, nene na nyembamba, kubwa na ndogo. Tuyatumie, juu na chini tuwaachie wapiga redio.

Yaliyobaki nayapitia haraka.

Nota nyeusi ni za haraka, nyeupe za taratibu? Nota hazina saa. Nota inakwambia mgao: nusu ni nusu ya nzima, robo ni nusu ya nusu, thumni ni nusu ya robo, na mtoto wa Unguja anayejua thumni ya dukani hahitaji maelezo zaidi. Mgao huo unachukua muda gani, hilo huamuliwa na neno la mwendo na namba ya metronomu. Thumni ndani ya largo inaweza kuwa ndefu kuliko nusu ndani ya presto.

Nukta ni nukta tu? La. Ikikaa ubavuni mwa nota, inaongeza nusu ya thamani yake: robo yenye nukta ni robo na thumni. Ikikaa juu au chini ya kichwa cha nota, ni staccato, inakata. Ya kwanza inarefusha, ya pili inafupisha, na nimeona watu wazima wakizichanganya kwa miaka. Tena staccato haina maana ya kugonga kwa nguvu. Ipo staccato laini kama matone ya paa baada ya mvua.

Vibao vyeusi ndio shapu, yaani nota iliyopandishwa kidogo? Kila cheusi kina majina mawili. Kile kilicho baina ya C na D ni C shapu na ni D flati (D iliyoshushwa kidogo) pia, inategemea ufunguo wa wimbo, yaani nota ambayo wimbo umejengwa juu yake. Na vyeupe navyo huitwa shapu: E shapu ni kile kile kibao cha F. Ukiiona kwenye ukurasa usidhani mchapishaji amekosea.

Allegro ni haraka? Asili yake ni uchangamfu. Haraka isiyo na furaha haijatimiza neno.

Kanyagio la kulia ni la kuongeza sauti? Linainua vizuizi vyote vinavyozima nyuzi, basi nyuzi huendelea kulia mpaka uliachie. Ukilikanyaga mwanzo wa ukurasa usiliachie mpaka mwisho, unapata uji. Mbele za watu wanafunzi wangu hulikanyaga kwa hofu, wakidhani linaficha makosa. Linayarefusha.

Ile alama ya C mwanzoni mwa mistari si herufi. Ni mabaki ya duara lililokatika, alama waliyoitumia Wazungu wa zama za kati kwa mgao wa mbili-mbili. Duara kamili lilikuwa la tatu-tatu.

Do ni C? Kwa waliosoma kwa njia ya Misri, ndiyo, do haihami. Kwa aliyelelewa kwenye kwaya ya kanisa kwa d r m f, do inahama na ufunguo wa wimbo. Darasani kwangu wapo wa aina zote mbili, tena wanakaa benchi moja, na ugomvi wao hauishi kwa sababu kila mmoja yuko sahihi kwao. Mimi nasema C. Do wabaki nayo.

Maina, ile ngazi ya sauti Wazungu wanayoiita minor, ni muziki wa huzuni? Maqamu (ngazi ya sauti ya muziki wa Kiarabu) ya Nahawandi inafanana sana na maina, na bibi harusi wanachezewa kwayo usiku kucha.

Na la mwisho, la wale wanaokuja wakiniambia piano yangu imeharibika. Wanajaribu kutafuta kwa kidole wimbo wa zamani wa taarabu, wanafika pahala sauti inakataa: E ni nyembamba mno, E flati ni nene mno. Piano yangu ina matatizo yake, masika ikiingia mbao zinavimba na vibao viwili hugoma kurudi, lakini hili silo. Maqamu ya Rast ina sauti inayokaa baina ya hizo mbili, na kwenye piano baina yao hakuna kibao. Kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarabu, inayo, kwa vile vipande vidogo vya kupandisha na kushusha uzi. Fidla na udi pia, maana shingo zao hazina vizuizi vya kugawa sauti. Baadhi ya vinanda vya umeme vinakuruhusu kuishusha hiyo E ukitafuta kwenye mipangilio. Kwenye piano ya mbao, ukifika hapo, iache nota ipite na mpiga fidla aichukue.