Baiti 60 zinavyofika diskini zikiwa KB 16

Miezi michache iliyopita nilipewa seva ya kuangalia. Kazi yake ilikuwa kutunza picha za zamani tu: hakuna aliyeandika kitu humo, faili zilikuwa za kusomwa, basi. Lakini kila Jumapili usiku, nakala rudufu ikichukuliwa, diski ilikuwa inaandika mfululizo.

Kuliona hilo hakuhitaji zana yoyote ya ziada. Kwenye Linux, fungua /proc/diskstats, tafuta mstari wa diski yako, chukua namba ya safu ya 10, zidisha kwa 512. Hizo ndizo baiti zilizoandikwa tangu mashine iwashwe. Mimi huanzia hapo kabla sijagusa mpangilio wowote.

Kumbe ilikuwa atime, mhuri wa lini faili ilisomwa mara ya mwisho. Mhuri huo unakaa kwenye inodi, kadi ndogo ya kila faili yenye ukubwa, mmiliki na ruhusa zake. Tangu Linux 2.6.30 ya mwaka 2009, keneli, yaani kiini cha mfumo, hutumia kanuni iitwayo relatime: mhuri husahihishwa pale tu faili ilipobadilishwa baada ya kusomwa, au mhuri wenyewe ulipopitisha saa 24. Wengi wanaamini tatizo liliishia hapo. Sasa chukua faili 1,000,000 ambazo hazifunguliwi na yeyote ila programu ya nakala rudufu, mara moja kwa wiki. Mihuri yote imeshapitisha saa 24, kwa hiyo yote inaandikwa upya. Kwenye ext4, mfumo wa faili wa Linux, inodi huwa ya baiti 256 na bloku, kipande ambacho mfumo huandika kizima kwa mara moja, huwa ya KB 4, yaani inodi 16 kwa bloku moja. Hata zikipangana bila pengo, ni bloku 62,500, sawa na MB 256. Tena bloku hizo hupitia kwanza daftari la mfumo wa faili, ndipo zipelekwe mahali pake. Inakuwa MB 512 za kuandika, kwa kazi ya kusoma! Niliweka noatime, yaani mhuri usisahihishwe kabisa, kwenye /etc/fstab, faili ya mipangilio ya diski, na maandishi ya Jumapili yakakoma. Kama una programu inayotegemea mhuri huo, kuna lazytime, iliyoingia Linux 4.0 mwaka 2015. Yenyewe huuweka mhuri kwenye RAM na kuuandika inodi inapoandikwa kwa sababu nyingine, au baada ya saa 24.

Hilo daftari nililolitaja ndilo linaloukinga mfumo umeme ukikatika katikati ya kazi. Sishauri mtu alizime. Uzuri wake hauonekani mara moja: ext4 hukusanya mabadiliko kwa sekunde 5 ndipo iyafunge pamoja. Inodi ikibadilishwa mara 500 ndani ya sekunde hizo, daftarini inaingia mara moja, katika hali yake ya mwisho. XFS, mfumo mwingine wa faili, ilipata ukusanyaji wa namna hiyo baadaye, na ukawa kawaida yake kuanzia Linux 2.6.39 ya mwaka 2011. Hata faili ya muda inayofutwa upesi, data yake huenda isiguse diski kabisa. Ukingoja kidogo, maandishi mengi ya marudio yanajifuta yenyewe kwenye RAM.

Anayeuvunja utaratibu huo ni fsync, amri ambayo programu huitoa ili data ya faili ifike diskini sasa hivi, bila kungoja. Niliwahi kukuta huduma iliyokuwa ikiongeza mstari mmoja wa baiti 60 kwenye logi, kisha inaita fsync, mstari kwa mstari. Tufuate mstari mmoja. Bloku ya data inaandikwa nzima, KB 4, ingawa kilichoongezeka ni baiti 60. Ukubwa wa faili umebadilika, kwa hiyo daftarini inaingia bloku ya maelezo ya kinachofuata, bloku yenye inodi, na bloku ya kufunga muamala, yaani kuthibitisha kwamba kundi hilo la mabadiliko limekamilika. Jumla ni bloku nne, KB 16, zaidi ya mara 270 ya ulichotaka kuandika, na hapo sijahesabu ile inodi itakapopelekwa mahali pake. Ndani ya SSD mzigo unaongezeka tena, kwa sababu haiwezi kuandika juu ya data ya zamani bila kufuta eneo kubwa zaidi kwanza.

Marudio mengine yanatokana na tabaka za programu, moja juu ya nyingine, kutoaminiana. InnoDB, injini ya hifadhidata ya MySQL, huandika kurasa zake za KB 16 mara mbili, kwa kuogopa ukurasa utakaokatika nusu. Ukiiweka juu ya ext4 yenye data=journal, mpangilio unaopitisha hata data yenyewe daftarini, kila nakala inaandikwa mara mbili tena. Juu ya mfumo wa faili wa ZFS wenye rekodi za KB 16, ulinzi huo wa InnoDB unaweza kuzimwa, kwa kuwa ZFS haiandiki juu ya data ya zamani. Kabla ya kuzima chochote, hakikisha unajua tabaka gani limebaki na kazi hiyo.

Ile huduma ya logi tuliibadilisha ikusanye mistari ya sekunde moja, kisha fsync moja. Mwenye mfumo alikubali kwamba mashine ikianguka sekunde hiyo inapotea. Jirani yake, huduma ya malipo, hatukuipa ruhusa hiyo: mteja hajibiwi mpaka rekodi yake iko salama diskini. Hapo tulifanya maombi yanayofika kwa pamoja yasubiri fsync moja, kisha yote yajibiwe. Kila rekodi bado inafika diskini kabla ya jibu, ila ile bloku ya inodi sasa inaandikwa mara moja kwa kundi zima.