Je, wajua kwa nini majani ya ng'ombe wa Brazili yanaitwa kwa jina la mto Ruzizi?

Simama asubuhi kwenye daraja la Ruzizi ya kwanza, hapa Bukavu, mpakani mwa Kongo na Rwanda. Utaona wamama wa biashara ndogondogo na mabeseni yao, foleni ya watu wameshika vitambulisho, na chini yake maji ya Ziwa Kivu yakianza safari ya kushuka Tanganyika: kutoka mita kama 1,460 juu ya bahari hadi karibu 770. Tunaujua mto huu kwa umeme unaokatika na kwa mpaka unaofungwa. Majani ya ng'ombe hayamo kwenye orodha.

Lakini nenda kwenye duka la pembejeo Brazili, uombe mbegu za malisho. Kuna mfuko utaletewa umeandikwa *ruziziensis*. Thailand hawapotezi muda na jina refu, wanasema «ruzi» tu. Ni mto wetu huohuo.

Jina lilitolewa mwaka 1953 na wataalamu wawili wa mimea, Germain na Evrard. Germain alikuwa ameichunguza mimea ya tambarare yote ile inayoanzia Kamanyola, ikapita Luvungi na Sange hadi Uvira, akifanya kazi chini ya INEAC, taasisi ya kilimo ya wakoloni iliyoanzishwa mwaka 1933. INERA ya leo, yenye kituo Mulungu upande wa Kabare, ndiyo iliyorithi nyumba hiyo. Katika majani waliyoyakuta bondeni kulikuwa na aina moja laini, yenye manyoya, iliyokuwa bado haina jina la kisayansi. Wakaiita *Brachiaria ruziziensis*, yaani brakiaria ya Ruzizi. Baadaye wanasayansi wakaihamishia ukoo wa *Urochloa*, lakini wauza mbegu wamegoma kubadilisha maandishi ya mifuko, nami nitabaki na jina la zamani.

Je, majani haya yalifanya nini cha ajabu hadi yakavuka bahari? Ng'ombe wanayapenda, hilo la kwanza. Yana majani mengi kuliko vikonyo, na yanazaa mbegu kwa wingi, mashuke yakitoka karibu kwa wakati mmoja, kwa hiyo kuvuna si taabu. Ubaya wake nao si mdogo. Yanataka udongo wenye rutuba na usiotuamisha maji. Kule Amerika ya Kusini, wadudu wa povu, wale ambao watoto wao hukaa chini ya shina wamejifunika mapovu kama mate huku wakifyonza utomvu, wakiyavamia yanageuka manjano na kukauka.

Ndiyo maana mfugaji wa Brazili alitegemea zaidi ndugu zake wawili, nao pia Waafrika. *Decumbens*, ambaye aina yake maarufu ilitoka Uganda, anavumilia udongo mchachu na maskini, ila wadudu wa povu humla. *Brizantha* aina ya Marandu, ambayo asili yake ni Zimbabwe na ilitolewa kwa wafugaji wa Brazili mwaka 1984, huwashinda wadudu hao lakini hataki udongo uliochoka. Mtu yeyote aliyewahi kufuga kuku wawili angewaza jambo moja hapo: tuwachanganye, tupate mtoto mwenye uvumilivu wa huyu na ukali wa yule.

Haikuwezekana. Na sababu yake ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika habari hii.

Tunajua mgomba. Ukitoa chipukizi ukalipanda shamba lingine, hujapata mtoto wa mgomba, umepata mgomba uleule umehamia mahali pengine. *Decumbens* na *brizantha* wanafanya hivyohivyo, ila kwa siri: mbegu zao ni machipukizi yaliyovaa ganda la mbegu. Ua linafunguka, chavua inaanguka, kila kitu kinaonekana kama harusi ya kawaida. Lakini kiinitete kilichomo ndani ya mbegu kimetoka kwa mama peke yake, nakala yake kamili. Wanasayansi wanaita hali hiyo apomiksi. Jambo la kuchekesha ni kwamba chavua bado inahitajika, maana bila yake ghala la chakula ndani ya mbegu halijengeki. Kwa hiyo baba analeta mahari yote, anajaza ghala, na mtoto si wake.

Sasa mtafiti atachanganya nini? Akipaka chavua ya huyu kwenye ua la yule mwaka mzima, atavuna mama yuleyule. Mamilioni ya hekta za malisho Amerika ya Kusini zikawa mmea mmoja uliojirudia, na mdudu akijifunza kuula mmoja amejifunza kuula shamba zima.

Jicho likarudi kwa yule dhaifu wa Ruzizi, kwa sababu yeye ana jinsia ya kweli. Ua lake linapokea chavua na mtoto anachukua kwa baba na kwa mama. Hata hivyo kulikuwa na kizuizi cha pili, cha hesabu. Chembe za *ruziziensis* zina kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi, 18. Za Marandu zina 36, na za *decumbens* ya Uganda vilevile 36. Ukiwaoza hivyohivyo, mtoto anarithi hesabu isiyogawanyika sawasawa, na hazai.

Ubelgiji ndiko walikokitatua. Mwaka 1981 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain walieleza jinsi walivyotumia kolkisini, sumu inayotoka kwenye ua fulani la Ulaya, ambayo madaktari huitumia pia kwa wagonjwa wa jongo. Kolkisini huizuia chembe isigawanyike wakati imeshajiandaa kugawanyika: kromosomu zimeshaongezeka maradufu, ukuta wa kuzitenganisha haujajengwa. Kutoka 18 wakapata 36. Mmea ukabaki na jinsia yake, ukiwa sasa na hesabu ya wale ndugu wenye kiburi.

Kumbuka kwamba wale ndugu hawakuwa wagumba upande wa chavua. Chavua yao ni nzima, ni maua yao tu yanayokataa kupokea. Basi mama akawa Ruzizi, baba akawa mmojawapo wao. Shirika la Brazili la utafiti wa kilimo, Embrapa, likaanza kazi hiyo Campo Grande, na kituo cha kimataifa cha CIAT huko Kolombia kikaanza ya kwake. Mwaka 1988 CIAT wakamwoza huyo mama mwenye kromosomu 36 kwa *brizantha*, na kutoka kwenye uzao huo wakachagua mche ulioitwa Mulato, ambao uliingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2005 akafuata Mulato II, ambaye ana damu ya wote watatu.

Kazi ya kuchagua si ya mtu mwenye haraka. Katika watoto wa ndoa kama hiyo, karibu nusu wanamfuata mama, wana jinsia, na nusu wanamfuata baba, wanajinakili. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Njia ya zamani ilikuwa kupanda mbegu za kila mche na kungoja: wakiota wote sura moja, mama yao anajinakili, wakiota mmoja mrefu, mwingine kibete, mwingine wa rangi yake, basi ana jinsia. Baadaye wakaweza kusoma alama kwenye DNA ya mche ungali mchanga.

Na hapo ugumu uliowasumbua unageuka kuwa zawadi. Mahindi chotara, mkulima wa Walungu akirudisha mbegu shambani msimu unaofuata, yanamsaliti: moja refu, moja fupi. Chotara cha brakiaria kinachojinakili hakibadiliki, mbegu ya mwaka wa kumi ni ileile ya mwaka wa kwanza. Tatizo lililobaki ni kwamba Mulato wa kwanza alikuwa mchoyo wa mbegu, na hata leo mbegu za machotara haya si za bei ya mama mwenye ng'ombe mmoja. Wengi hupasua shina lenye mizizi na kulipanda kama tunavyopanda matete. Kwangu mimi hiyo ndiyo njia ya akili.

Ruzizi asiyechanganywa naye hakutupwa. Huko Brazili wanampanda katikati ya mistari ya mahindi; mahindi yakivunwa, ng'ombe wanaingia; na msimu wa soya ukikaribia, dawa kidogo tu ya magugu inammaliza, wakati ndugu zake wanabishana nayo. Udhaifu wake umekuwa ajira.

Kuna jambo ambalo mbegu peke yake haiwezi kulitengeneza. Jani likiliwa, mmea huota tena kwa kutumia majani machache yaliyobaki na akiba iliyoko kwenye mizizi na vitako vya shina. Ng'ombe akirudi baada ya siku tano, anakula lile chipukizi lililogharimiwa na akiba hiyo. Akirudi tena, akiba imekwisha, mizizi inafupika, na kiangazi kikifika mmea hauna pa kunywea maji. Brakiaria inataka kuachwa wiki nne hivi, zaidi mvua ikikosekana, na isikatwe hadi kwenye udongo. Hapa Bukavu vijana wanaobeba mizigo ya majani vichwani kupeleka kwa ng'ombe waliofungiwa uani wanaweza kulifuata hilo, kama kipande kina mwenyewe. Bondeni ni vigumu zaidi. Kiangazi mifugo inashuka kutoka milimani, inakuta mashamba ya watu njiani, na ugomvi wa nani alikanyaga wapi umeua watu. Mahali ambapo malisho ni ya kila mtu, hakuna anayelipumzisha jani ili jirani alile. Mtu akiniuliza mradi uanze na mbegu au na mapatano ya njia za ng'ombe, nitamjibu mapatano.

Mjukuu lakini amekwisha kurudi Afrika. Kenya, watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, wanampanda Mulato II kuzunguka shamba la mahindi, na desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari, kuwapoteza njia nondo wa viwavi wanaotoboa mabua. Walimchagua kwa sababu anavumilia ukame kuliko matete. Utitiri mwekundu ukamshambulia hukohuko Kenya, kwa hiyo si malaika. Rwanda wamempanda pia, ng'ambo ya daraja hili.

Bibi yake ukimtaka, shuka Kamanyola wakati wa mvua. Tafuta jani pana kama kidole, laini, lenye manyoya pande zote mbili kiasi kwamba linashika umande hadi saa nne. Kisha chukua shuke na ulitazame: uti unaobeba mbegu si mwembamba kama uzi, umepanuka kama utepe, mara nyingi una rangi ya zambarau.