Ndugu akipotea kwenye mafuriko, usisubiri saa 24

Kila masika ujumbe huu hurudi kwenye magrupu: "Polisi hawapokei taarifa ya mtu aliyepotea mpaka zipite saa 24." Si kweli. Hakuna sheria ya Tanzania wala Kenya inayokulazimisha kusubiri. Ukitaka kuhakikisha, fika kituoni, toa maelezo, uombe namba ya taarifa: RB kwa Tanzania, OB kwa Kenya.

Mkanganyiko unaeleweka. Filamu za nje zimetuzoesha hivyo, na wapo walioambiwa kaunta, "Subirini kwanza, huenda atarudi." Huo ni ushauri wa mtu.

Tope kama lile lililoshuka Mlima Hanang Desemba 2023 halingoji kesho, na majeruhi asiyeweza kutaja jina lake hulazwa bila kujulikana ni nani. Hapo ndipo maelezo yako yanapohitajika: alivaa kanga ya rangi gani, ana kovu goti lipi, jino gani limeng'oka. Pita pia wodini na kwenye kambi za waathirika.

Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Mwambie aliyeutuma, kwa upole, kwamba anaweza kuripoti sasa hivi.